Baba wa Mayai ya Bibie

Tulipoachana wiki iliyopita mliniacha nimepiga magoti sebuleni kwangu, tochi mkononi, macho yamenitoka pima. Mbele yangu tangi la kioo la mke wangu. Ndani ya tangi, Bibie. Na chini ya mkia wa Bibie, mayai.

Kwa anayenifuata leo kwa mara ya kwanza: Bibie ni kamba wa mtoni, wale wenye magando mawili mbele kama koleo. Mke wangu anamfuga. Aliletwa akiwa mdogo kama kidole gumba, na tangu aletwe yuko peke yake humo tangini. Hajawahi kuona kamba mwenzake, sembuse dume.

Sasa mayai yametoka wapi?

Mimi kazi yangu ni majokofu. Mtaani wananiita Fundi Baridi. Na kazi imenifundisha kitu kimoja: friji halipotezi gesi hivi hivi. Ukiona gesi imekwisha, ujue kuna tundu mahali. Unapaka povu la sabuni kwenye mabomba, unasubiri, na pale panapochemka mapovu ndipo penye tundu. Basi nyumba yangu nikaiona hivyo hivyo. Kuna tundu, na kuna kitu kimepita.

Na kitu hicho nilikuwa nimeshakipa jina. Bwana Maji.

Huyu ndiye mwenye duka la samaki wa mapambo. Alimuuzia mke wangu Bibie, akamuuzia tangi, mchanga na pampu, kisha akaanza kuja nyumbani kupima maji. Maji! Mimi nimepima ubaridi wa majokofu ya nusu ya mji huu, lakini maji ya sebuleni kwangu yanahitaji mtaalamu kutoka nje, mrefu, mikono laini, sauti ya kubembeleza. Nilikuwa simpendi hata kabla ya mayai.

Kuna jambo jingine ambalo nyinyi mnalijua na mke wangu halijui. Daktari aliniita peke yangu akaniambia kwamba mimi kupata mtoto ni bahati sana, nisitegemee. Nilipofika nyumbani nikamwambia mke wangu, "Daktari kasema tuvute subira." Akavuta. Subira ilipomchosha, akanunua tangi. Majirani wakaanza kumwita Mama Kamba, naye akawa anaitikia huku anacheka. Jirani mmoja alijaribu kuniita mimi Baba Kamba. Friji lake liliharibika wiki ile ile nikakataa kulitengeneza, na mpaka leo anakunywa maji ya moto.

Sasa nifuateni.

Mke wangu alitoka jikoni akanikuta bado niko chini.

"Umeona!" Akapiga makofi. "Nilitaka nikushtue mwenyewe. Bibie ana mayai!"

"Nimeona." Nikazima tochi. "Baba yao nani?"

Akacheka. "Hata mimi nashangaa. Labda alikutana na dume huko dukani kabla hajaja."

"Alikuja hapa kama kidole gumba. Mtoto wa chekechea anaolewa?"

"Basi sijui. Nitamuuliza Bwana Maji."

Hapo ndipo roho iliponiuma. Swali limezuka nyumbani kwangu, jibu liko kwa Bwana Maji.

"Alikuja lini mara ya mwisho?"

"Jumanne."

"Mimi nikiwa wapi?"

"Kazini, ungekuwa wapi?" Akanitazama vizuri. "Mume wangu, una nini? Hebu kaa hapa. Mimi nina jambo nataka..."

"Jambo lako litasubiri."

Akarudi jikoni. Na mimi nikabaki na dalili zangu, nazihesabu. Wiki nzima mke wangu anaimba akifua. Anajichekea peke yake. Marashi niliyomnunulia mimi, yale ya chupa ya bluu, kayapandisha juu ya kabati, eti yanamtia kichefuchefu. Mnasikia? Marashi ya mumewe yanamtia kichefuchefu! Nyinyi mngefikiri nini? Na mimi nilifikiri hayo hayo.

Kesho yake mchana nikapita kwa dada yangu, mtaa wa pili. Dada yangu nampenda, lakini ni mtu wa kuchochea moto halafu anauliza nani kauwasha.

Nikamweleza. Akaacha kukunja nguo.

"Mdogo wangu, mayai hayashuki na mvua. Dume kaletwa."

"Na mimi ndivyo ninavyosema."

"Kamba ana miguu mingi, sawa. Lakini hawezi kufungua mlango. Kuna mtu kamfungulia."

"Dada, usiniumize."

"Nakuumiza au nakufumbua macho? Anakuja na mfuko wa plastiki. Anamtia dume tangini. Halafu wao wawili wanakaa kwenye kochi, wanasubiri."

"Wanasubiri nini?"

"Dume amalize kazi."

Lo! Kochi lile nimelibeba mwenyewe ngazi kwa ngazi, mgongo ukaniuma mwezi mzima. Nikamwona Bwana Maji amelikalia, amenyoosha miguu, anapewa juisi kwenye glasi zetu za wageni. Damu ikanichemka nikasikia masikio yanapata moto.

"Tena," dada akaongeza, anavaa viatu, "huenda dume bado yumo, wamemficha kwenye mawe. Twende nikushuhudie."

Mke wangu alikuwa kazini. Anafanya kazi mapokezi kwenye kliniki ya meno, na isipokuwa Jumanne, siku yake ya mapumziko, hutoka jioni. Nikatoa mpira wangu wa kazi, nikavuta maji kwa mdomo, nikaliacha tangi lijimwage kwenye ndoo. Dada akawa anapeleka ndoo bafuni na kurudi, kajifunga khanga kiunoni kama yuko kwenye shughuli.

Bibie nikamtoa kwa kikapu cha jikoni nikamtia kwenye beseni. Alinipigapiga mkia kwa hasira, maji yakaniruka usoni. Sikumjali. Si yeye niliyekuwa namtafuta.

Nikatoa jiwe la kwanza. Hakuna kitu. La pili, hakuna. Kule pembeni kulikuwa na kichungu kilicholazwa ubavu, pango la Bibie. Nikaingiza mkono.

Nikagusa gando.

"Dada! Yumo!"

"Mshike asikuponyoke!"

Nikamvuta nje polepole. Salale! Kamba mzima mzima: magando mawili, sharubu ndefu, macho, mkia. Mwenye rangi ya kufifia kuliko Bibie, na mwepesi. Kalegea kabisa. Nikajua ni uchovu wa kazi aliyoifanya.

"Huyu ndiye mwenyewe," dada akasema. "Mtazame alivyokwisha."

Na hapo hapo mlango ukafunguliwa.

Aliingia mke wangu, mapema kuliko siku zote. Na nyuma yake, haki ya Mungu sitii chumvi, aliingia Bwana Maji, kashika wavu mdogo mkononi.

Mke wangu akatazama tangi tupu, mchanga umejaa zuliani, wifi yake kajifunga kiunoni, mumewe kalowa mpaka kifuani. "Mnafanya nini?"

Nikainua mkono juu. "Nimemkamata! Dume wenu huyu hapa! Mlidhani mimi ni wa kuchezewa mpaka lini?"

Nilimkaza ili asiponyoke, na akavunjika vidoleni mwangu. Kraa! Ndani hamna kitu. Hamna nyama, hamna utumbo, hamna hata tone la maji. Ganda tupu, kama la yai lililokwisha kuliwa.

Bwana Maji akacheka. Alipoona kacheka peke yake, akaacha.

"Hilo ni gamba lake," mke wangu akasema taratibu. "Gamba la Bibie mwenyewe. Alijivua kabla ya kutaga. Nimemwachia pangoni alitafune, linamsaidia kukomaza jipya."

Mtu mwenye akili hapo angeomba radhi. Lakini aibu ilinishika mbele ya yule bwana, na aibu yangu mimi huwa inatokea mlango wa hasira.

"Gamba sawa. Na mayai? Mayai nayo kajivua?"

"Mayai hayaji yenyewe, wifi," dada akadakia.

"Fundi," Bwana Maji akaanza, "mkeo kanipitia dukani nije kutazama hayo mayai. Niruhusu nimwone, nadhani naweza kukueleza..."

"Wewe utoke!" Nikauokota mpira nikamwelekezea. Maji machache yaliyobaki yakamrukia shati. "Unaleta dume nyumbani kwangu, mnamficha wewe na mke wangu, halafu unielezee? Toka!"

Akatoka. Nadhani lile neno, "unaleta dume nyumbani kwangu", lilisikika mpaka kwa jirani wa friji.

Mke wangu hakulia. Ningetamani alie. Alipiga magoti kwenye beseni. Mayai kadhaa yalikuwa yamedondoka kwa jinsi Bibie alivyopigapiga mkia, madogo meusi kama shanga, yametapakaa chini ya beseni. Akayakusanya kwa kijiko, moja moja. Kisha akamtia Bibie kwenye ndoo yenye mfuniko, akachukua na mkoba wake.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mama."

"Kwa ajili ya kamba?"

Akasimama mlangoni. "Ulipotoka kwa daktari uliniambia tuvute subira. Sikukuuliza neno la pili. Sikumpigia daktari, sikumtuma mtu. Nilikuamini. Na wewe leo umemleta dada yako kunifukua kwenye mawe."

Akaenda zake. Maneno yale yalinikata maini, kwa sababu mnazozijua nyinyi.

Dada naye akafungua khanga yake kiunoni. "Mh, mdogo wangu, mimi nilikwambia uulize tu. Sikusema umwage tangi." Na yeye akaenda.

Nikapiga deki peke yangu. Nikalala kwenye lile kochi. Pampu nilisahau kuichomoa, ikawa inanguruma bila maji, kavu, na mimi namwona Bwana Maji kila nikifumba macho. Mke kaondoka kwa ajili yake. Zulia limeharibika kwa ajili yake. Asubuhi niliamka na jambo moja kichwani: kwenda kumpasua.

Nilimkuta dukani anasugua kioo.

"Umekuja kunipiga?" akauliza, bila kuweka sponji chini.

"Ndiyo."

"Basi kabla hujanipiga njoo uone kitu, kwa sababu baadaye sitaweza kukuonyesha."

Akanipeleka nyuma. Kwenye rafu kulikuwa na chupa kubwa ya kioo, na ndani yake kamba mmoja, peke yake, mwenye mabaka meupe na meusi kama sakafu ya marumaru. Mabaka yale nilikuwa nayajua. Nimeyatazama kila jioni huku nakula.

"Huyu unamwona yuko na nani?"

"Peke yake."

"Msogelee. Tazama chini ya mkia."

Nikainama. Mayai. Shanga nyeusi zimejazana.

"Aina hii wote ni majike," Bwana Maji akasema. "Dume hayupo. Sisemi ni adimu, nasema hayupo. Jike akikomaa, anataga mwenyewe, na watoto wote wanatoka majike kama yeye, sura moja. Ndiyo maana kila ninayemuuzia namwambia asije akamwaga hata mmoja mtoni. Mmoja tu anatosha kuujaza mto."

"Kwa nini hukumwambia mke wangu?"

"Bibie nilimuuza mdogo, mabaka hayajatokea, na kila nikija kupima maji huwa kajificha pangoni mwake. Nilidhani ni wa kawaida. Jana ndiyo nilikuja kuhakikisha, ukaniogesha."

Nilinywea. Mimi, mtu wa matundu, nimekutana na kitu kisicho na tundu.

"Fundi, mkeo ni mteja. Anaingia hapa anazungumza habari mbili tu: kamba wake na mume wake. Na habari za mume wake zinachosha, nisamehe kwa kusema. Kila siku fundi kafanya hivi, fundi kasema vile."

Nilimwomba radhi pale pale, mbele ya samaki wake wote. Akanipa mkono. Mkono wake laini, lakini siku ile haukuniudhi.

Nilirudi nyumbani nikauosha mchanga wote, nikaupanga upya, nikajaza maji nikayaacha yatulie. Kichungu nikakirudisha pembeni, ubavu. Kisha nikaoga, nikavaa shati la kutokea, nikaenda ukweni.

Mama mkwe alinifungulia mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanitazama kuanzia viatu. "Umekuja na dada yako?"

"Nimekuja peke yangu, mama."

"Basi pita."

Mke wangu alikuwa amekaa sakafuni, ndoo mbele yake, anamtazama Bibie. Hakuinua uso. Nikakaa na mimi sakafuni, shati la kutokea na yote.

"Nimekosa," nikasema. "Nimetoka kwa Bwana Maji. Kanionyesha mwenzake Bibie, naye ana mayai, naye yuko peke yake. Aina yao hawana dume. Anazaa mwenyewe. Nimekusingizia bure, nimekudhalilisha mbele ya watu, nimemwaga tangi lako. Nisamehe, mke wangu. Nimelipanga upya, maji yanatulia."

"Kichungu umekirudisha?"

"Ubavu."

"Upande gani?"

"Kushoto, karibu na pampu."

Akajaribu kununa, ikamshinda. Kicheko kikamtoka puani, halafu machozi, halafu vyote pamoja. Mama mkwe aliyekuwa mlangoni anajifanya anapangusa kitasa, naye akacheka.

"Umempiga Bwana Maji?"

"Nilikwenda kumpiga. Nikaishia kumwomba radhi."

"Wewe!" Akanishika mkono. Nawaambia wivu wote uliniteremka, ukatoka hata sijui umetokea wapi. Kwa mara ya kwanza tangu tangi liingie nyumbani, nilipumua mpaka chini.

"Sasa nikuambie lile jambo?" akasema. "Ulisema litasubiri. Limesubiri vya kutosha." Akamtazama mama yake, mama yake akaitikia kwa kichwa, uso wote umefunguka. "Nina mimba."

Mama mkwe akapiga kigelegele.

Mimi nilitabasamu. Najua nilitabasamu kwa sababu mashavu yaliniuma. Lakini kule ndani nilikuwa nimesharudi kwenye kile chumba cha daktari. Bahati sana, nisitegemee. Halafu nikakumbuka Jumanne, nikakumbuka kochi. Nikakumbuka kwamba neno lile la Bibie kutohitaji dume sikulipata kwa daktari wala kwa mwalimu. Nililipata kwa Bwana Maji. Na chupa ile ya kioo ni yake, na rafu ni yake. Angeshindwa nini kumtia dume asubuhi akamtoa mchana?

Swali likanitoka kabla sijalizuia.

"Tangu lini?"

Kigelegele kikakatika. Mama mkwe akabaki na mkono mdomoni.

Mke wangu aliuachia mkono wangu, taratibu, kidole kimoja kimoja. Hakukasirika. Alinitazama kama anayetazama kitu alichokuwa anakingojea muda mrefu, nacho kimefika.

"Bibie ulimwamini kwa neno la mtu mmoja," akasema. "Tena mtu uliyekwenda kumpiga. Mimi utaniamini kwa neno la nani?"

Jibu nililokuwa nalo lilikuwa moja tu, la daktari, lile nililomficha. Na wote wawili, mama na bintiye, walikuwa wananitazama mdomoni.